Turubai la Idd Pili

Watu wengine wakishaoana hugombana kwa ajili ya mawifi, au mchuzi uliozidi chumvi. Zahor na Hamda walikuwa na miaka miwili ya ndoa bila kurushiana neno, na walipokuja kugombana waligombania fremuweki. Waligombana kwa adabu, sauti chini, kwenye chumba cha juu cha nyumba yao ya Kiponda. Chini ukumbini Bi Maha, mama yake Zahor, alikuwa akichagua mchele, na alisikia kila kitu, maana ngazi za nyumba zile za Mji Mkongwe huteremsha maneno upesi kuliko zinavyoteremsha watu.

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kitu, umeme wa Unguja ukija na kuondoka upendavyo, na vijana wachache wa mjini wakijaribu kuifanya kompyuta iwe kazi ya kulishia nyumba. Zahor na mkewe walikuwa miongoni mwao, na sasa walikuwa wamepata kazi yao kubwa ya kwanza. Bi Mwanakhamis wa Mwembetanga, mkodishaji wa maturubai, viti na masufuria ya shughuli, alikuwa na stoo mbili. Moja ilikuwa mjini, akiishika Sichana, na nyingine Kiwengwa, akiishika Usi, kwa ajili ya mahoteli yanayoozesha Wazungu ufukweni. Stoo hizo zilikuwa hazisikilizani. Sichana akimwahidi mtu turubai, Usi keshalipeleka hotelini. Bi Mwanakhamis alitaka programu ya mtandaoni, Sichana akiandika mjini Usi aione Kiwengwa papo hapo, na alitaka iwe tayari kabla ya Ramadhani. Ramadhani hakuna anayeoa, lakini wote wanaotaka kuoa baada yake huweka oda zao mwezi huohuo. Na Shaaban ilikuwa imeshaingia.

Zahor alitaka watumie fremuweki mpya aliyoisoma kwenye mtandao, ile ambayo unaipa amri moja tu, ikakutolea ukurasa wa kuandika, wa kusoma, wa kufuta, kila kitu kimeshapangwa. Hamda alitaka ile waliyoizoea, ambayo haikupi kitu cha bure lakini yeye anaijua hadi ndani ya mifupa.

Bi Maha alipoitwa chai aliuliza hiyo fremuweki ni mdudu gani hata wanae wasile kwa ajili yake. Hamda akamwelezea kwamba ni kama manda za kununua. Mtu mwengine keshazikanda, keshazichoma, keshazikata. Wewe unatia nyama na kufunga sambusa.

"Na zikiwa fupi?" aliuliza Bi Maha.

"Ndio hilo nnalomwambia mwanao, Mama," alisema Hamda, na Zahor akacheka, na ugomvi ukapoa kidogo.

Lakini hawakuwa wakigombania fremuweki peke yake. Zahran, kaka mkubwa wa Zahor, alikuwa amemtafutia visa ya kwenda Maskati, kufanya kazi kwenye duka lake la vipuri vya magari. Visa ya mtu mmoja, mke abaki. Zahran alitaka jibu mara tu baada ya Idd, kwa sababu alikuwa na mtu mwengine anayeisubiri nafasi hiyo. Zahor alikuwa ameshaamua, na kumwambia mkewe bila kuficha: kazi ya Bi Mwanakhamis ikisimama, watu wengine wataiona na watawaita, na yeye hatokwenda popote. Ikianguka, ataondoka. Hamda alilia siku aliyoambiwa, kisha akafuta uso na kuwasha kompyuta.

Bi Maha alikuwa amezaa wanne, na watatu, Zahran na dada zake wawili, walikuwa wameshahamia Omani zamani. Kila mmoja alipokuja kuomba radhi alimwambia, nenda mwanangu, radhi zangu unazo. Zahor ndiye aliyebaki, na kila mtu mtaani alijua kwamba naye atapewa radhi kama wenzake, kwa vile Bi Maha ni mtu asiyezuia.

*

Ili wasiendelee kununiana, walikubaliana washindane. Kila mmoja achukue fremuweki yake, aanze baada ya sala ya alasiri, atengeneze ukurasa mmoja wa kuweka oda ya turubai, na adhana ya magharibi ndiyo mwisho. Umeme ulikuwepo siku ile, na hilo peke yake lilikuwa jambo la kushukuriwa.

Haikuwa mashindano. Hamda alikuwa bado anaunganisha jina la mteja na oda yake wakati Zahor alipoegemea kiti na kuomba juisi. Ukurasa wake ulikuwa na kila kitu, hata kile ambacho hawakukubaliana: ukijaribu kukodisha turubai siku ambayo limeshakodishwa, programu inakukatalia kwa maandishi mekundu. Alikuwa ameandika mistari michache tu. Hamda aliijaribu, akaweka oda mbili za siku moja, ikamkatalia. Akajaribu tena kwa ujanja mwengine, ikamkatalia vilevile.

Alikubali kama mtu muungwana. Alisema, haya, umenishinda, tunachukua yako, na tangu jioni ile hakuirudia tena habari ya fremuweki ya zamani. Alianza kujifunza ya mumewe kwa kurasa walizozichapisha kwenye duka la intaneti la Vuga, akizisoma hata jikoni, ukingo wa karatasi ukiloa tui. Zahor alimpenda sana wiki zile, na alimwambia.

Programu ilikamilika kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Sichana alifundishwa Mwembetanga. Usi alifundishwa Kiwengwa, kwenye kibanda chenye kompyuta iliyofunikwa kitambaa kwa sababu ya mchanga, na baada ya siku chache alikuwa anampigia simu Sichana kumtania kwamba sasa wanaonana bila kuonana. Mgongano wa maturubai uliisha. Bi Mwanakhamis, ambaye hakuwa na mazoea ya kusifu watu, aliwapelekea kina Zahor sahani ya halwa kwa ajili ya futari, na mwenye maturubai mwengine wa Magomeni akaja kuuliza kama na yeye anaweza kufanyiwa. Zahor alianza kutunga maneno atakayomwambia Zahran.

Katikati ya mfungo Sichana aliwapigia. Alikuwa na mteja mbele yake, Mzee Msabah wa Kikwajuni, anaoza binti yake Idd pili. Anataka lile turubai kubwa la watu mia tatu na viti vyake. Sichana aliandika "Idd pili" pale pa tarehe, na programu ikamkatalia. Walikuwapo wengine kama yeye, wa Idd mosi, Idd tatu, Idd nne, na wote aliwaambia wasubiri.

Zahor alitazama kalenda ya ukutani. Idd ilikuwa imeandikwa Jumatano.

"Tia Alhamisi," alisema.

"Alhamisi, inshallah," alijibu Sichana, na akaandika.

Hamda, aliyekuwa kando akisikiliza, naye alisema inshallah. Wote watatu walikuwa wamezaliwa Unguja, wote wamefunga siku ile, na tangu utotoni kila mwaka walipanda juu ya dari kuutafuta mwezi na kubishana kama utaonekana au hautaonekana. Hakuna aliyeliona kosa. Ndivyo yalivyo mambo ambayo mtu anayajua mno. Neno inshallah walilitamka kwa mdomo, lakini kwenye programu halikuwa na pa kukaa.

*

Jumatatu, siku ya ishirini na tisa ya mfungo, gari la Bi Mwanakhamis lilipeleka Kiwengwa turubai kubwa na viti mia nne. Hoteli moja ya huko ilikuwa na harusi ya Jumatano, wageni wameshashuka kwenye ndege, na ilitaka kila kitu kifungwe mapema. Kwa mujibu wa programu hapakuwa na tatizo. Alhamisi asubuhi mzigo utarudi mjini, Alhamisi jioni utakuwa Kikwajuni.

Jioni ile, watu wameshafuturu, redio ikatangaza kwamba mwezi umeandama. Kesho ni Idd. Nje mtaani watoto walipiga kelele za furaha, misikitini takbira zikaanza, na Bi Maha akatoka jikoni na unga mikononi kumpa mkwewe mkono wa sikukuu. Hamda alimpa mkono, kisha akamtazama mumewe, na Zahor naye alikuwa akimtazama. Walifahamu kwa pamoja: Idd pili sasa ni Jumatano, si Alhamisi.

Simu ililia kabla hawajafika juu. Sichana alikuwa anajaribu kurudisha oda zote za sikukuu nyuma siku moja, na programu haikubali. Ukiirudisha ya Idd tatu inagongana na ya Idd pili ambayo haijarudishwa. Ukiirudisha ya Idd pili inagongana na ya hoteli ya Jumatano. Maandishi mekundu, kila mara. Ile pingamizi ambayo Zahor alijivunia ndiyo iliyowakaba.

Zahor aliketi kwenye kompyuta na kuitafuta mahali ilipo ili aizime. Hakuipata, kwa sababu hakuiandika yeye. Ilikuja na fremuweki, na ilikaa ndani huko, faili juu ya faili la watu asiowajua. Kurasa walizozichapisha hazikulitaja hilo. Duka la intaneti lilikuwa limefungwa, wenyewe wako Darajani wananunua viatu vya watoto. Alijaribu hiki, akajaribu kile, programu yote ikazimika, akairudisha, jasho likimtoka na feni inazunguka. Hamda alikuwa amesimama nyuma yake.

"Ingekuwa ile yetu ningejua pa kugusa," alisema.

Hakuwa anamlaumu. Lakini maneno mengine yakishatoka hayaulizi msemaji alikuwa na nia gani, na Zahor aliyapokea kama kofi. Baadaye Hamda ndiye aliyependekeza waiache programu na washuke moja kwa moja kwenye ghala la data lililo chini yake, wabadilishe tarehe huko huko kwa mkono. Walifanya hivyo, na mwisho tarehe zikakubali. Ukurasa ukafunguka ukiwa sahihi, na ukaonyesha ukweli: Jumatano, turubai kubwa moja, wenyewe wawili, na turubai limeshafungwa Kiwengwa.

Bi Mwanakhamis aliwaambia kwa simu kwamba la hoteli halirudi. Hoteli ikimkosa mara moja haitomwita tena, na robo ya watu anaowalipa wanakula kwa hoteli. Kisha akasema jambo moja zaidi, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba hatompeleka Sichana Kikwajuni kwa Mzee Msabah.

"Aliyekosea ndiye anayekwenda kusema."

*

Asubuhi ya Idd watu wote huvaa vipya na kuzuru jamaa. Zahor alivaa kanzu aliyoshonewa kwa sikukuu ile na kwenda Kikwajuni kutukanwa. Hamda alifuatana naye.

Mzee Msabah, mstaafu wa bandarini, alikuwa barazani kwake na wageni waliotoka Pemba kwa ajili ya harusi. Baraza lilijaa wanaume, kahawa inapita. Zahor alitoa shikamoo, akapata marahaba, akapewa mkono wa Idd na kukaribishwa kahawa, na hilo lilizidisha ugumu. Hamda alikwenda ndani kwa wanawake. Zahor aliomba wasogee kando wazungumze, lakini mzee akasema hana siri na jamaa zake. Ikabidi aseme mbele ya watu.

Alieleza kwamba tarehe iliingizwa kimakosa kwenye kompyuta, na turubai kubwa kesho halitopatikana. Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Hakupandisha sauti.

"Wewe ndiye uliyeitengeneza hiyo kompyuta?"

"Programu yake, naam."

"Mtoto wa wapi?"

"Wa Kiponda, Mzee."

"Kiponda mwezi hamwuoni?" Watu walicheka. Mzee hakucheka. "Umefunga Ramadhani hii?"

"Nimefunga."

"Ulipokuwa unafunga, ulikuwa unaijua siku ya kufungua?"

"Sikuwa naijua."

"Basi siku ya turubai langu uliijuaje?"

Zahor alitazama kikombe cha kahawa mkononi mwake. Mgeni mmoja wa Pemba, kwa huruma au kwa dhihaka, alisema kwamba hata mbuzi wa Kikwajuni anajua Idd haina tarehe, na kicheko kikarudi upya. Ndani, mama wa bibi harusi alikuwa ameshaanza kulia, na Hamda alikuwa amekaa sakafuni mbele yake akimwambia kwamba kesho kivuli kitapatikana, hajui wapi, lakini kitapatikana.

Waliondoka pale wakaenda kutafuta kivuli. Walianza kwa wakodishaji wengine, lakini Idd haina turubai linalolala. Wakaenda kwa watu. Yule wa Magomeni aliyetaka kutengenezewa programu aliwapa kiturubai cha watu arubaini, na hakuitaja tena programu yake. Wengine waliwapa viti sita, viti kumi, benchi la barazani.

Waliporudi nyumbani kupumzika, Bi Maha hakuwepo. Bi Maha, ambaye siku ya Idd hukaa ukumbini na kungojea kuzuriwa, alikuwa ametoka na buibui lake akipita mlango kwa mlango, Kiponda hadi Malindi, akiomba majamvi. Alipata ya msikiti, akapata ya chuo cha Kurani cha watoto, akapata viturubai viwili vya hitima kutoka kwa watu waliomjua marehemu mumewe. Kwenye nyumba moja aliambiwa asubiri nje, na kupitia dirishani alimsikia mwenye nyumba akimwuliza mkewe kama huyu ndiye mama wa yule aliyewakosesha watu wa Kikwajuni turubai lao. Alisubiri. Majamvi aliyapata.

*

Harusi ilikuwa. Viturubai vitatu vya rangi tatu viliunganishwa kwa kamba, kimoja kirefu kuliko vingine, na Zahor akapanda ngazi kuvifunga pamoja na vijana wa Bi Mwanakhamis, kanzu imefungwa kiunoni. Hamda alitandika majamvi. Bibi mmoja mzee alikaa chini kwa furaha na kusema kwamba zamani harusi zote zilikuwa hivi, viti vimeletwa na uvivu. Lakini mama wa bibi harusi hakucheka, na wale wenye magauni ya kubana walisimama hadi mwisho. Mzee Msabah alimpelekea Zahor sahani ya biriani kwa mkono wa mtu, bila ya salamu. Zahor aliishika, akashindwa kuila.

Ijumaa baada ya sala Bi Mwanakhamis aliwaita Mwembetanga. Walikwenda wakijua kwamba wanafukuzwa.

Hawakufukuzwa. Bi Mwanakhamis aliwakalisha kwenye viti vya kukodisha, akauliza kosa lilikuwa wapi. Zahor alisema ni lake yeye, fremuweki aliichagua yeye. Hapo Hamda akamkatiza mumewe mbele ya mtu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisema kwamba hata angetumia ya kwake angeweka tarehe vilevile, hakuna aliyelifikiria. Kosa lilikuwa la namna walivyochagua.

"Tulishindana nani atajenga upesi, Bi Mwanakhamis. Hatukushindana nani atabadilisha upesi. Na kwenye kazi yako kila kitu kinabadilika."

"Na mie sikukwambieni," alisema Bi Mwanakhamis. "Miaka yote hii nnakodisha maturubai, sikumwambia mtu kwamba Idd inangojea mwezi. Nani anamwambia mwenziwe kwamba bahari ina chumvi?"

Aliwaambia kwamba Idd Kubwa iko mbele, mwezi wa Mfunguo Tatu, na hiyo ni rahisi kidogo, mwezi wake hutangulia na watu wakajua siku mapema. Anataka programu iwe sawa wakati huo. Wachague wanachokijua wao, cha zamani, kipya, hajali, lakini oda ya sikukuu ikae kama sikukuu mpaka mwezi uonekane, ndipo ipewe tarehe. Na Kikwajuni yeye mwenyewe ameshakwenda kuomba radhi, na Mzee Msabah amerudishiwa chake chote.

Ilikuwa rehema, na Zahor hakuweza kuipokea. Alishukuru, kisha akasema kwamba mkewe ataifanya kazi hiyo na ataiweza, lakini yeye anasafiri, anakwenda Maskati kwa kaka yake. Bi Mwanakhamis alimtazama Hamda. Hamda alikuwa anatazama vidole vyake.

Njiani Hamda alimwambia kwamba hakuna tena sababu ya kuondoka, kazi haikuanguka. Zahor alisema imeanguka. Alisema hawezi kupita Kikwajuni, hawezi kupita Magomeni, hata Kiponda watoto wameshaanza kumwita Mwezi. Hamda alisema watoto watachoka. Zahor alisema yeye ameshachoka kabla yao. Mkewe akaacha kumhoji, kwa sababu walikuwa katikati ya watu.

*

Bi Maha alikuwa kwenye ua mdogo nyuma ya ukumbi, amepiga magoti, anasugua kwa sabuni jamvi la kuazima lililomwagikiwa mchuzi. Alitaka kulirudisha likiwa safi kuliko alivyolichukua. Zahor alisimama mlangoni. Alikuwa ameshateremsha begi.

"Mama, nshampigia Zahran. Amesema nende Jumatatu. Nimekuja kuomba radhi zako."

Bi Maha aliendelea kusugua mpaka povu likawa jeupe.

"Sikupi," alisema.

Zahor alidhani hakusikia vizuri. Alirudia, akaongeza kwamba si safari ya milele, atatuma, atarudi.

"Nimekusikia. Sikupi. Zahran alipokwenda alikuwa hana kazi, nikampa. Dada zako walifuata waume zao, nikawapa. Wote walikuwa wanakwenda pahala. Wewe hukwendi pahala. Wewe unaikimbia Kikwajuni."

"Nimeaibika, Mama."

"Umeaibika, ndio. Na mie nimeaibika. Nimesimamishwa mlangoni siku ya Idd kama mwombaji, nnasikia nnavyosemwa, nikabaki pale pale mpaka nikapewa jamvi hili. Sikusimama vile ili wewe ukapande ndege."

Zahor alikaa kizingitini. Hakuwa akijua habari ya mlango. Juu, Hamda alikuwa amesimama kwenye kona ya ngazi, hakushuka wala hakurudi.

"Na hata usingekuwa na aibu yoyote," alisema Bi Maha, bado amelitazama jamvi, "nnataka ubaki. Hili sijamwambia mtoto wangu hata mmoja. Nnakwambia wewe."

"Mbona wenzangu uliwaacha wende?"

"Hawakuniuliza. Walikuja na mabegi yao wakaniomba radhi. Kuomba radhi si kuuliza."

Zahor alilitazama begi lake. Alilivuta, akaliweka nyuma ya mlango, ambapo mama yake asingeliona. Kisha akaja kupiga magoti kwenye maji ya sabuni upande wa pili wa jamvi.

"Basi nakuuliza," alisema. "Mama, nende?"

"Usende," alisema Bi Maha.

Na hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, mikono imejaa povu, akashindwa kujifuta. Alimlilia Zahran, akawalilia binti zake wawili mmoja mmoja kwa majina yao, wote ambao miaka yote hii hakuwalilia. Hamda alishuka ngazi mbio kama kwamba kuna aliyekufa.